Picha Iliyoishia Kwenye Nyusi

Mtakaosoma karatasi hizi, nawaomba radhi mapema. Mwandiko wangu ni mbaya, herufi zinapanda mlima halafu zinashuka, na maneno mengine nimeyaandika jinsi ninavyoyasikia. Niliishia darasa la saba. Mkono wangu umezoea bisibisi kuliko kalamu, na ukurasa mmoja hunichukua jioni nzima. Lakini mambo haya siwezi kuyasema kwa mdomo. Nikisimama mbele ya watu, hata wawili tu, maneno yananiganda kooni nikabaki natazama viatu vyao. Kwa hiyo nimeandika.

Ninafanya kazi kwenye banda la fundi wa kompyuta na simu huku Kikuyu, Dodoma mjini. Banda ni kontena lililokatwa dirisha upande mmoja, na mchana bati likipata moto tunafungua mlango kwa kitambaa. Fundi wangu ni mtu mzima mwenye maneno mengi. Yeye huongea na wateja, mimi hufungua skrubu. Mteja akiniuliza jambo, namjibu nikiwa nimeinamia meza.

"Msimwonee," fundi huwaambia. "Huyu dogo anaongea na mashine tu. Na mashine zenyewe hazimjibu."

Kompyuta ninayotaka kuwasimulia haikuletwa na mteja. Niliifuata mwenyewe Hombolo, kwa sababu ndani yake, kama bado kulikuwa na kitu, kulikuwa na picha pekee ya mdogo wangu wa kike.

Mdogo wangu alifariki msimu wa mvua, miaka kadhaa sasa. Ilianza homa, tukadhani ni mafua ya mtoto. Tulipompeleka hospitali alikuwa hajui tena nani amembeba. Sitaandika zaidi ya hapo.

Nyumbani kwetu Ipagala hakujawahi kuwa na picha ya mtu. Baba ni Mrangi wa Kondoa, anauza mashuka na kanga sokoni, na alikulia kwenye nyumba ambayo sura ya mtu haikutundikwa ukutani, kwa sababu malaika wa rehema hawaingii penye sura. Simtaji ili mumlaumu. Majirani zetu Waislamu wengine wamejaza picha za harusi sebuleni, naye hajawahi kuwasema. Alisema tu kwamba kwake hapana.

Sikukuu ya Idi, ya mwisho kwa mdogo wangu, watoto walikwenda uwanjani kwenye bembea. Kulikuwa na mpiga picha aliyekuwa akizunguka na kamera shingoni. Akawapanga watoto mmoja mmoja mbele ya ukuta wa duka uliopakwa rangi ya samawati, akawapiga. Mdogo wangu alikuwa na gauni la njano. Siku chache baadaye mpiga picha akaja nyumbani na picha iliyosafishwa, kama walivyozoea kufanya, mzazi akiipenda anailipia. Baba ndiye aliyefungua mlango.

"Rudi nayo, kijana wangu," alimwambia. "Usumbufu wako nitakulipa. Picha rudi nayo."

Mama alikuwa nyuma ya pazia. Aliiona mkononi mwa yule kijana kwa muda wa mtu kujifunga kanga, basi. Halafu mlango ukafungwa.

Mama hakuitaja picha hiyo tulipozika, wala arobaini ilipopita. Aliitaja mwaka huu, akiwa anachambua mlenda kwenye ungo. Mimi nilikuwa nafunga kamba za viatu niende kazini.

"Mwanangu, uso wake unanitoka," alisema.

Sikuelewa. Nikamuuliza uso wa nani.

"Wa mdogo wako. Juzi nimemwota. Sauti yake, gauni lake, ila uso ni wa yule mtoto wa jirani. Nikimfikiria mchana, ni hivyo hivyo. Nikishika pua, macho yanapotea." Aliendelea kuchambua majani. "Yule mpiga picha hawezi kuwa bado anayo? Wewe si ndiyo kazi yenu?"

Nilimtafuta. Kwa mtu kama mimi kuuliza watu ni adhabu, lakini niliuliza wapiga picha wa stendi na wa sokoni, mpaka mmoja akanijibu kwamba yule aliacha kamera zamani akaenda machimbo ya dhahabu, na huko hajasikika tena. Kompyuta aliyokuwa akihifadhia picha zake aliiacha kwa mama yake, Hombolo.

Nilipofika kwa yule bibi nilikuta amekaa chini ya kibanda cha mizabibu anakata vikonyo. Nilikuwa nimeyapanga maneno yangu njia nzima. Yote yakanitoka, nikabaki na salamu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Mbukwa." Alinisalimu na kwa Kigogo, akanitazama. "Wewe umetumwa na mwanangu?"

Nilimwambia hapana. Uso wake ulishuka, na hapo nikaona aibu ya kuja kuomba kitu kwenye nyumba inayosubiri mtu. Lakini nilimweleza, kwa kukatika katika, habari ya mama yangu na picha. Alinisikiliza bila kuniharakisha. Kiswahili chake kilikuwa cha polepole kama changu, kwa sababu chake kilikuja baada ya Kigogo.

"Ipo," alisema. "Nimeitunza. Njoo uone nilivyoitunza."

Alinipeleka ndani mpaka kwenye kihenge cha mtama. Akakunja nguo, akazamisha mkono mpaka begani, akapapasa, akavuta bunda lililofungwa kwa kitenge. Mtama na majivu vikamwagika miguuni. Kule kwao mtama huchanganywa na majivu ya kuni ili dumuzi wasiule, na nafaka hukaa salama mwaka hadi mwaka.

"Mwizi hawezi kufikiria humu," alisema, na kwa mara ya kwanza akacheka. "Na mdudu hali majivu. Nimeifungua hata mdomo wake nikaipaka na ndani, pale kwenye vidonge vya kuandikia. Kila mavuno naitoa, naipaka upya."

Niliifungua. Ilikuwa ni ile ya zamani ya kukunja, nene kama tofali, yenye mlango wa kuingizia sidii ubavuni na alama ya gundi pale palipobanduliwa karatasi ya ofisi fulani. Yule kijana naye aliinunua kuukuu. Kibodi yote ilikuwa kijivu. Nilipoiinamisha, majivu yalitiririka kutoka kwenye matundu ya feni.

"Si nimeitunza?" aliuliza bibi.

"Umeitunza, bibi."

"Haya, ichukue. Lakini uirudishe. Akija ataiuliza hiyo kwanza, kabla hajaniuliza mimi."

Fundi wangu ana desturi moja ambayo haivunji hata mteja apige kelele namna gani. Mashine iliyokaa bila kutumika haichomekwi umeme kabla haijajulikana imelala wapi. Ataigeuza, ataitikisa karibu na sikio, atanusa matundu, atauliza maswali kama daktari. Wateja wengi husema uongo. Kompyuta iliyomwagiwa chai hudaiwa ilikuwa kabatini.

Alinusa hii, akapiga chafya mara mbili.

"Dogo, hii imelala wapi? Jikoni?"

"Kwenye mtama."

"Kwenye mtama?"

"Na majivu. Wameipaka mpaka ndani, isiliwe na dumuzi."

Aliweka kompyuta mezani taratibu. Nilidhani atacheka, maana yeye hucheka kila kitu. Hakucheka.

"Vumbi la barabarani unapuliza linaondoka," alisema. "Majivu yanavuta unyevu. Yakishaloa yanakula chuma. Mama wa watu amekaa anailisha sumu kila mavuno akidhani anailisha dawa." Akachukua bisibisi. "Usije ukamwambia. Hata mashine ikifa hapa mezani, yule bibi asijue kilichoiua."

Tulianza. Kifuniko cha chini kiligoma kwa sababu skrubu zilikuwa zimeota kutu, nikazitoa moja moja kwa kutia tone la mafuta na kusubiri. Betri ilikuwa imevimba kama andazi, tukaitenga nje ya banda. Ndani, majivu yalikuwa yameganda pembeni mwa ubao kama udongo uliokauka kwenye mfereji, na kwenye miguu ya vyuma vidogo palikuwa na ukijani. Nilisugua kwa mswaki na spiriti. Fundi alipima kwa mita akakuta umeme wa chaja unafika mlangoni lakini hauingii, tundu la kuchomekea lilikuwa limeliwa. Tukachomelea lingine kutoka kwenye mashine mbovu tunayoitoa spea.

Taa ndogo ya mbele ikawaka. Feni ikaguna, ikatema majivu usoni kwangu, ikazunguka. Kioo kikabaki cheusi.

"Ramu," alisema fundi.

Ni kile kibao chembamba cha kumbukumbu. Niliitoa, nikasugua meno yake kwa ufutio wa penseli mpaka yakarudisha rangi ya dhahabu. Nikairudisha. Tulipowasha ililia mlio mmoja mfupi na kioo kikapata mwanga hafifu. Fundi alinigonga mgongoni. Mimi nikainamia kioo.

Halafu yakaja maandishi meupe. Mashine ilikuwa inasema haioni diski.

Picha zinakaa kwenye diski. Mengine yote tuliyokuwa tumeyafanya yalikuwa ni kufungua milango ya nyumba, na chumba tulichokitaka kilikuwa hicho. Fundi aliichomoa diski, akaigeuza, akanionyesha kitundu kidogo sana mgongoni mwake.

"Hapa ndipo inapopumulia," alisema. "Tuombe Mungu ilikuwa imebana pumzi."

Tuliiunga kwa waya kwenye kompyuta ya fundi. Ilizunguka. Ikatoa mlio, tk, tk, ikanyamaza, ikazunguka tena. Fundi alizima feni ya meza ili asikie vizuri. Mteja mmoja alikuja kuuliza simu yake, fundi akamwambia arudi kesho, jambo ambalo sijawahi kumsikia akilisema kwa mteja aliyeshika pesa mkononi.

Makabrasha yakajitokeza. Mpiga picha alikuwa mtu wa mpangilio: Harusi, Kipaimara, Pasipoti, Idi.

"Hatufungui kitu humo humo," alisema fundi. "Tunanakili kwanza. Na tunaanza na Idi, kwa sababu sijui itazunguka kwa muda gani."

Ilinakili kwa shida. Ilikuwa ikienda, inasimama, inapiga tk, tk, inaendelea. Mimi nilikuwa nimesimama nimeshika ukingo wa meza. Ilipofika mwisho fundi aliniachia kiti.

"Fungua wewe. Ni wa kwenu."

Nilifungua moja moja. Watoto wa watu, ukuta wa samawati nyuma yao. Mvulana mwenye miwani ya plastiki, picha nzima. Msichana ameshika barafu inamchuruzika mkononi, nzima. Wawili mapacha, nzima, mpaka vumbi la viatu linaonekana. Nikafungua inayofuata.

Ilianza kuchorwa kutoka juu. Ukuta. Kisha nywele zilizosukwa na shanga nyeupe. Kisha paji la uso. Kisha nyusi. Hapo ikasimama, na chini yake pote pakawa kijivu.

Nilisubiri. Nilidhani bado inakuja.

"Ndiyo hivyo hivyo, dogo," alisema fundi. "Hapo diski imeliwa."

Alijaribu tena kuinakili hiyo moja. Diski ilizunguka, ikapiga tk, tk, tk, sauti ikabadilika ikawa kama mtu anayekwaruza sufuria, kisha ikatulia. Alipoichomeka tena haikuonekana. Picha iliyofuata baada ya ile nusu, mtoto nisiyemjua anacheka, ilikuwa nzima. Niliichukia picha hiyo, na mtoto mwenyewe hana kosa.

Mama alikuja bandani siku iliyofuata. Alikuwa amevaa ile kanga yake ya kutokea. Nilikuwa nimekwisha kumwambia kwamba ni nusu, lakini nadhani alifikiri nusu ya macho yangu na nusu ya macho yake si sawa. Alisogea mpaka pua ikakaribia kioo. Akaweka kidole kwenye nywele.

"Hii njia nilisuka mimi," alisema. "Hapa kushoto iliniponyoka ikapinda, alikuwa hatulii, anataka kwenda kwenye bembea." Kidole kikashuka kwenye paji, kikafika kwenye nyusi, kikaingia kwenye kijivu. Alikiacha hapo. "Basi?"

"Basi, mama."

Fundi, ambaye hakosi neno, alitoka nje akasimama juani.

Mama aliomba isafishwe hivyo hivyo ilivyo. Alirudi nayo nyumbani ndani ya bahasha na kuiweka chini ya godoro upande wake. Lakini nyumba yetu ni ndogo, na baba alikuwa ameshajua. Baada ya swala ya magharibi, bado amekaa kwenye mkeka, alisema, "Mama Watoto, nionyeshe."

Mama alimpa bahasha bila kumtazama. Baba aliitoa picha, akaishika kwa mikono miwili, akaisogeza kwenye taa. Alikaa nayo. Nilikuwa nimesimama mlangoni na nilijua ninapaswa kuondoka, lakini nilibaki.

"Hii haina uso," alisema hatimaye, taratibu, kama anayepima kitambaa. "Sura ni uso. Hii haina makosa. Inaweza kukaa ukutani."

Mama aliokota bahasha tupu, akaikunja.

"Nasema itundikeni. Hapa, ninapoweza kuiona."

"Ile siku ya mlangoni ilikuwa nzima," alisema mama.

Hakupandisha sauti. Aliinuka akaenda jikoni, tukasikia anaosha vyombo ambavyo vilikuwa vimekwisha kuoshwa. Baba akanituma nyundo. Msumari aliupigilia mwenyewe, akakosea mara ya kwanza akajipiga kidole, akaupigilia tena. Ndiyo picha ya kwanza kutundikwa nyumbani kwetu. Mama sasa hukaa ameupa ukuta ule mgongo. Wageni huuliza ni kitu gani, na baba huwajibu, "Ni binti yetu," na wageni hutazama kile kijivu na kusema mashaallah.

Kompyuta niliirudisha Hombolo, skrubu zote zimekazwa, imefutwa mpaka inang'aa. Bibi aliipokea kama mtu anayepokea mtoto kutoka safari.

"Imeamka?"

"Imeamka kidogo, bibi."

"Mama yako amepata?"

"Amepata kidogo."

Alifurahi. Akaifunga kwenye kitenge, akachota majivu mapya kwenye chungu, akaipaka juu na chini, akaizamisha kwenye mtama. Nilimsaidia kushika kifuniko cha kihenge. Diski ilikuwa imekufa tayari, na harusi na vipaimara vya watu vimekufa nayo, kwa hiyo majivu hayakuwa na cha kuharibu tena. Ila nilikuwa namtazama akifanya vile kwa upendo, nikakumbuka onyo la fundi.

Wiki iliyopita baba alinikuta nanawa mikono nimetoka kazini. Alizunguka zunguka kwanza, akauliza habari za kazi, jambo ambalo huwa haulizi.

"Hizo mashine zenu," alisema. "Haziwezi kuimalizia ile picha?"

"Haziwezi, baba."

Akatikisa kichwa. Akafika mlangoni, akageuka.

"Hata mpaka puani?"

Kesho yake nilimwambia fundi, na mwanachuo mmoja aliyekuwa amekuja kuchukua simu yake akasikia, akasema hiyo ni kazi ndogo, simu siku hizi inabuni na kujaza yenyewe palipokosekana. Akaipiga picha ile kwenye kioo, akaiandikia simu maneno ya kuimalizia, akanionyesha. Chini ya nyusi za mdogo wangu palikuwa na msichana mzuri, mweupe kidogo, anatabasamu, meno yote yamejaa. Mdogo wangu Idi ile hakuwa na meno mawili ya mbele. Yule hakuwa mtoto wa mtu yeyote. Nilimwomba aifute, na nikamwangalia mpaka alipoifuta, kwa sababu niliogopa mama akiiona ataizoea.

Hilo ndilo lililonifanya nikae kuandika. Uwanja ule siku ile ulijaa watu, na wengi mlikuwa na simu mkononi. Mliwapiga watoto wenu kwenye bembea, penye barafu, mbele ya ule ukuta wa samawati. Tafadhali, zitazameni picha zenu za Idi za zamani, na msiwatazame watoto wenu tu, watazameni waliopita nyuma. Kama kuna msichana mdogo wa gauni la njano, shanga nyeupe kwenye nywele, mapengo mawili mbele, niandikieni. Karatasi mpeni huyo aliyewapa hizi, itanifikia bandani. Hata kama yuko mbali, hata kama ametikisika, hata kama ni upande mmoja tu wa uso, niandikieni, nitakuja na mama.